Je, Kuuliza ni Kukosa Imani?

Wakati wa ugonjwa wa Ebola katika Kivu Kaskazini, kati ya mwaka wa 2018 na mwaka wa 2020, milangoni pa makanisa ya Butembo paliwekwa ndoo za maji yenye klorini. Aliyekuja Misani alinawa mikono kwanza, akapimwa joto la mwili, ndipo akaingia. Saa ya kupeana amani watu hawakushikana mikono. Kila mmoja alimwinamia mwenzake kichwa, basi. Wazee waliozoea kumshika jirani kwa mikono miwili waliona kana kwamba Misa imepungukiwa na kitu.

Jioni ya Dominika moja, katika nyumba moja ya mji ule, watu walipokwisha kusali rozari, binti wa miaka kumi alimwuliza baba yake: «Baba, kama Mungu anatulinda, kwa nini tunanawa dawa mlangoni pa nyumba yake?»

Baba huyo ni mkatekista wa miaka mingi, mtu mwema, mpenda sala. Swali lile lilimchoma. Akajibu kwa ukali: «Mambo ya Mungu hayaulizwi. Nenda ukalale.»

Kaka wa binti, kijana wa sekondari, akacheka. Yeye hakuwa na swali lo lote, kwa maana alikuwa na majibu yote katika simu yake. Alisema kwamba Ebola haipo, ni biashara ya wakubwa, na wagonjwa wanaopelekwa hospitalini huuawa humo. Mama yake akamwuliza: «Nani amekuambia?» Kijana akajibu: «Kila mtu anajua, Mama.»

Ndugu wasomaji, tumeifikiri sana nyumba hiyo. Mtu angeweza kusema kwamba baba na mwana wako mbali kama mashariki na magharibi, mmoja akiamini yote, mwingine asiamini lo lote. Sisi twaona kwamba walikuwa karibu sana. Baba alikubali bila kuuliza, mwana alikataa bila kuuliza, na wote wawili walitaka mazungumzo yaishe upesi. Aliyetaka kujua ni mtoto peke yake, naye ndiye aliyetumwa kulala.

Leo twapenda kumtetea mtoto huyo. Na ili tusiseme maneno matupu, tutasimulia habari za ugonjwa huo huo tangu ulipojulikana mara ya kwanza katika nchi yetu. Ni habari ya masista na madaktari, ya wauguzi na wazee wa vijiji, na ndani yake mtu aweza kuona wazi hasara ya kutouliza ilivyo kubwa, na jinsi kuuliza vema kulivyo kazi ngumu.

SINDANO TANO

Mwaka wa 1976, huko Yambuku, kaskazini ya nchi iliyoitwa wakati ule Zaire, palikuwa na misioni ya Kikatoliki yenye hospitali ya vitanda 120. Masista kutoka Ubelgiji waliihudumia pamoja na wauguzi wenyeji. Wagonjwa waliofika walihesabiwa kati ya 6,000 na 12,000 kila mwezi, na wengi walitoka mbali kwa miguu, kwa sababu dawa ilipatikana pale.

Kila asubuhi sindano tano zilitolewa kwa ajili ya wagonjwa wa nje. Tano tu, kwa siku nzima. Ikiisha kumchoma mmoja, sindano ilisuuzwa katika maji ya vuguvugu, kisha ikamchoma mwingine. Jioni pengine zilichemshwa, pengine hazikuchemshwa.

Tena watu walizipenda sindano. Nani kati ya wasomaji wetu hajawahi kumsikia mzazi wake akidharau kidonge? Aliyerudi nyumbani bila kuchomwa alihesabu kwamba hakutibiwa. Hata mama wajawazito walipofika kupimwa walichomwa dawa za kuwatia nguvu. Hivyo imani ilikuwa kubwa kwa pande zote mbili: mgonjwa aliiamini sindano, na aliyeishika aliyaamini makusudi yake mema. Swali dogo, sindano hii imetoka katika mwili wa nani kabla ya kufika kwangu, halikuulizwa na mtu.

Mwishoni mwa mwezi wa Agosti alikuja mwalimu mmoja wa shule ya misioni mwenye homa. Alidhaniwa kuwa na malaria, akachomwa klorokini. Tarehe 8 Septemba alikufa akitokwa damu. Baada yake wakafa wengine waliokuwa wamefika hospitalini siku zile, kisha waliowauguza, kisha waliowaosha na kuwazika. Katika watumishi 17 wa hospitali, 11 walikufa, na masista miongoni mwao. Mwishoni mwa Septemba hospitali ilifungwa. Jumla ya waliougua ilikuwa 318. Waliokufa walikuwa 280.

Mtu asije akadhani kwamba twawahukumu masista wale. Waliacha nchi yao na jamaa zao, wakakaa na wagonjwa wao mpaka mwisho, na makaburi yao yako huko. Lakini upendo hauchemshi sindano. Yafaa tuseme hivyo sisi wenyewe Wakatoliki, tusingoje wengine waseme kwa niaba yetu.

Siku zile alitumwa kutoka Kinshasa daktari kijana wa Kikongo, Jean-Jacques Muyembe, aliyesoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Lovanium na kuuendeleza Leuven. Angaliweza kuandika kwamba ni homa ya matumbo, akarudi zake. Cheo chake kingalitosha watu wamsadiki. Lakini alipowatoa wagonjwa damu aliona jambo lililomshangaza. Kitundu kidogo kilichoachwa na sindano hakikuziba; damu ilizidi kutiririka, ikamlowesha vidole, naye hakuwa na glavu. Akajiuliza ni homa gani ya matumbo ifanyayo hivyo. Alinawa kwa maji na sabuni, na pengine sabuni hiyo ndiyo iliyomponya. Sista mmoja mgonjwa akapelekwa Kinshasa, na damu yake ikasafirishwa mpaka Antwerpen ndani ya termosi, kama chai ya safari. Katika maabara ya huko, na katika maabara nyingine zilizopokea damu hiyo, kilionekana kirusi ambacho elimu ilikuwa haijakijua bado. Wakakipa jina la mto Ebola, ili aibu isikiangukie kijiji cha Yambuku.

Wachunguzi waliofika baadaye walihesabu wafu, wakaona kwamba wanawake vijana walikuwa wengi kupita kiasi. Kwa nini wanawake wa umri ule? Kwa sababu wengi walikuwa wajawazito. Na wajawazito walikwenda wapi? Hospitalini kupimwa. Na huko walipewa nini? Swali moja lilivuta jingine kama uzi, mpaka likafika kwenye zile sindano tano. Katika wagonjwa 288 ambao njia ya kuambukizwa kwao ilijulikana, 85 waliupata ugonjwa kwa kuchomwa sindano. Katika hao waliochomwa tu, bila kumgusa mgonjwa mwingine, hakupona hata mmoja.

Hapa tuongeze neno lisilosimuliwa mara nyingi. Kabla wataalamu hawajafika, wazee wa vijiji vya upande ule walikuwa wamekwisha kufunga njia kwa magogo na kuwatenga wagonjwa katika vibanda vya peke yao, kama ilivyofanywa zamani za ndui. Hawakuwa na maabara. Walitazama, wakakumbuka, wakalinganisha. Kufikiri si mali ya wenye vyeti peke yao.

DAMU YA WALIOPONA

Miaka 19 ilipita. Mwaka wa 1995 Ebola ilizuka katika mji wa Kikwit. Waliugua watu 315, na katika kila watano wanne walikufa. Muyembe alikuwapo tena, sasa akiwa mtu mzima mwenye sifa. Dawa haikuwapo. Yeye na madaktari wenzake wa Kikongo wakawaza hivi: aliyepona Ebola, mwili wake umejifunza kupigana nayo, basi askari wa damu yake wangeweza kumsaidia mwingine. Wakachukua damu ya waliopona, wakawapa wagonjwa wanane. Saba wakapona.

Habari hiyo ingewatosha watu wengi. Saba kati ya wanane, tena kwa akili ya Waafrika wenyewe! Tungalikuwapo tungalipiga ngoma. Lakini wataalamu wa ng'ambo walitia shaka. Walisema kwamba wagonjwa wale walipewa damu siku zilipokuwa zimekwisha kupita, na aliyefika siku hizo akiwa hai huenda angalipona hata bila damu ile. Walisema pia kwamba uuguzi wa Kikwit ulikuwa umekwisha kuwa bora mwishoni mwa ugonjwa. Tena hapakuwa na wagonjwa wengine wa kulinganisha nao.

Je, katika shaka hiyo hapakuwa na dharau? Hatuwezi kuapa kwamba haikuwamo. Watu wetu waijua dharau hiyo tangu zamani. Walakini swali lenyewe lilikuwa la haki, na swali la haki halibatiliki kwa sababu ya moyo wa aliyeliuliza. Na kweli, mwaka wa 2015 huko Guinea, maji ya damu ya waliopona walipewa wagonjwa 84, wakalinganishwa na wengine, na faida iliyo wazi haikuonekana.

Muyembe hakukasirika akaenda zake, wala hakushika jibu lake kama mtu ashikavyo hirizi. Aliendelea kuuliza. Aliyepona Kikwit alitolewa damu tena miaka 11 baadaye, na wataalamu wa Kongo na Marekani wakatafuta ndani yake wale askari wachache wenye nguvu kuliko wengine. Mmoja wao akatengenezwa kuwa dawa. Iliitwa mAb114.

Sasa turudi Kivu Kaskazini. Ugonjwa ulipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, zilikuwapo dawa nne zenye watu wa kuzisifu. Moja, ZMapp, ilikuwa na jina kubwa tangu mwaka wa 2014. Ingalikuwa rahisi kuchagua yenye sifa na kuwapa wote. Madaktari, Muyembe akiwa miongoni mwa wakuu wao, walichagua njia ngumu. Tangu Novemba 2018, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, kila mgonjwa aliyekubali alipewa moja ya dawa hizo nne kwa kura.

Twajua kwamba neno hilo, kura, liliwaumiza wazazi wengi. Mtoto wangu afa, nanyi mwapiga kura? Ni swali la mzazi, nalo lastahili jibu. Jibu ni kwamba hakuna daktari aliyejua ipi ni bora, na aliyedai kujua angekuwa akiongopa. Kura ilikuwa njia ya kusema ukweli huo. Wagonjwa 681 walihesabiwa. Mwezi wa Agosti 2019 hesabu ilitazamwa, ikaonekana wazi hata uchunguzi ukasimamishwa kabla ya wakati wake: katika kila 100 waliopewa ZMapp, karibu 50 walikufa, waliopewa dawa iitwayo remdesivir, 53. Lakini waliopewa mAb114 walikuwa 35, na waliopewa nyingine iitwayo REGN-EB3 walikuwa 33 au 34. Tangu siku ile wagonjwa wote walipewa mojawapo ya hizo mbili. Jina kubwa likaachwa, na damu ya mtu wa Kikwit ikapata haki yake.

Miaka 24 ilipita kati ya Kikwit na siku hiyo. Wale waliotia shaka mwaka wa 1995 walifanya vema kutia shaka, na yule aliyetiliwa shaka alifanya vema kutokata tamaa. Katika elimu mambo huenda hivyo mara nyingi zaidi kuliko watu wanavyodhani.

KUULIZA NA KUKATAA

Msomaji atatuambia: «Nanyi mwasifu maswali, lakini kule Beni na Butembo watu waliuliza mno, na maswali yao yakawaua.»

Hapo tuende polepole. Mwezi wa Septemba 2018 watu 961 wa Beni na Butembo waliulizwa mawazo yao, na zaidi kidogo ya mmoja katika kila wanne alisema haamini kwamba Ebola ipo. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Tarehe 19 Aprili mwaka huo daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kutusaidia, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo. Mpaka ugonjwa ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, walikuwa wamekufa watu 2,287.

Lakini yalikuwapo pia maswali ya haki. Watu wa Beni walikuwa wakiuawa kwa mapanga na risasi tangu mwaka wa 2014, na dunia haikushtuka. Mbona kwa Ebola magari yalifika kwa mamia? Desemba 2018 nchi ilipopiga kura, uchaguzi wa Beni na Butembo uliahirishwa mpaka Machi kwa sababu ya Ebola na usalama. Mbona sokoni na kanisani watu walikusanyika bila kukatazwa? Chanjo nayo, mbona mama wajawazito walinyimwa hapo kwanza? Swali hili la mwisho lilikuwa zito hata wataalamu wenyewe waliligawanyikia, na mwaka wa 2019 wakabadili shauri, mama wajawazito wakachanjwa. Na Septemba 2021 tume iliyoundwa kuchunguza ilithibitisha kwamba baadhi ya watu waliokuja kupigana na ugonjwa walikuwa wamewadhulumu wanawake na wasichana wetu. Aliyesema mapema kwamba si wote waliokuja ni watu wema hakuwa mjinga.

Basi kosa liko wapi? Swali la kweli hungoja jibu. Mtu auliza, kisha anyamaza asikilize, tena akubali kwamba jibu laweza kumpinga. Wengi siku zile waliuliza huku wakiwa wamekwisha kuondoka. «Wanawafanya nini wagonjwa wetu mle ndani?» Aliyeuliza hivyo na kungoja mlangoni alikuwa na haki yote. Aliyeuliza hivyo huku akishika kiberiti hakuwa akiuliza.

Tena kulikuwa na lawama kwa upande wa pili. Kwa muda mrefu jibu walilopewa wananchi lilikuwa amri: nawa, usimguse maiti wako, panda gari. Watu waliovaa mavazi ya kufunika mwili wote, macho tu yakionekana, waliingia nyumbani, wakamchukua mtu, na baadaye likarudi jeneza lililofungwa. Ni nani asiyeogopa? Huyo anayedai kusadikiwa bila kuonyesha neno amefanana na baba yetu mkatekista, ingawa mmoja ashika rozari na mwingine ashika kipimajoto.

Ndipo shirika moja la madaktari, ALIMA, likaleta vyumba vyenye kuta za plastiki angavu. Mgonjwa alilala ndani, na jamaa zake walisimama nje wakimtazama, wakizungumza naye, wakimwona muuguzi akimpa dawa. Si kila kituo kilikuwa navyo. Lakini penye vyumba hivyo, aliyesikia kwamba wagonjwa hunyongwa aliweza kuja kuona kwa macho yake.

MTUME TOMA

Tulipokuwa tukiandika habari za kuta hizo, tulimkumbuka Mtume Toma. Maskini Toma! Tumemfanya mfano wa kukosa imani, na mahubiri mengi yamempiga fimbo. Tusome tena sura ya 20 ya Injili ya Yohane. Wenzake walimwambia kwamba wamemwona Bwana, naye akasema hawezi kusadiki asipoona alama za misumari. Je, akatoka akaenda mjini kuwacheka? Hapana. Siku nane baadaye alikuwa nyumbani pamoja nao, milango imefungwa. Aliuliza akiwa ndani. Alikaa na swali lake katikati ya ndugu zake, juma zima.

Naye Bwana wetu alipokuja hakumfukuza. Alimwonyesha mikono yake na ubavu wake. Ni kweli kwamba aliwasifu pia wale watakaosadiki bila kuona, nasi ndio hao; lakini aliyasema maneno hayo baada ya kuonyesha. Na kukiri kwa Toma kulikofuata ni kukubwa kuliko maneno ya mitume wengine katika sura ile: alimwita Yezu Bwana wake na Mungu wake.

Yuko pia Mama yetu Bikira Maria. Malaika alipomletea habari, aliuliza jambo hilo litakuwaje, naye akajibiwa. Zakaria aliuliza pia katika sura hiyo hiyo ya Luka, akawa bubu. Kwa nini mmoja alijibiwa na mwingine akaadhibiwa? Walimu wa Kanisa tangu zamani wamefundisha kwamba Maria aliuliza ili apate kutii, na Zakaria alidai dhamana kabla ya kusadiki. Na katika Matendo ya Mitume wanasifiwa watu wa Beroya, ambao Paulo alipowahubiri hawakumeza maneno yake tu: kila siku walichunguza Maandiko ili waone kama ni kweli. Kama Mtume Paulo alivumilia kuchunguzwa, sisi wakatekista na wazazi ni nani?

Kanisa halikupata kufundisha kwamba akili ni adui. Mtaguso wa kwanza wa Vatikano, mwaka wa 1870, ulisema wazi kwamba imani na akili haziwezi kupingana kwa kweli, kwa sababu Mungu ni mmoja, chanzo cha zote mbili. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alirudia mafundisho hayo katika barua yake ya mwaka wa 1998. Zipo kweli zipitazo akili zetu: Utatu Mtakatifu hatutaupima kwa kipimajoto. Lakini kupita akili ni kitu kimoja, kuifukuza akili ni kitu kingine. Aliyempeleka mtoto wake mwenye homa kwenye nyumba ya maombi, akakataa daktari na kusema kwamba ameonyesha imani, alimpa Mungu kazi ambayo Mungu amekwisha kumpa yeye.

NYUMBA ILE

Tumesimulia mwanzo wa habari ya nyumba ya Butembo; tusimulie na mwisho wake.

Majuma machache baada ya jioni ile, mjomba wa watoto hao alishikwa na homa, akatapika. Kijana wa sekondari alisema wasimpeleke, watamwua. Baba alisema wamwombee kwanza siku tatu. Mama, aliyekuwa hajasema neno ila lile moja, alisema: «Ni kaka yangu. Mimi namwita gari sasa hivi.» Akaita.

Siku ya nne alimtuma mwanawe kituoni akatazame. Kijana alikwenda akiwa amejiandaa kuona maovu. Akasimama nje ya ukuta wa plastiki. Ndani alimwona mjomba wake ameketi kitandani, amekonda, akinywa uji katika kikombe chekundu. Mjomba akamwona, akainua kikombe. Aliyempa uji huo alikuwa mama mmoja aliyepona Ebola mwenyewe, naye hakuogopa tena kuwahudumia wengine. Kijana alizungumza na mama huyo karibu saa nzima. Aliporudi nyumbani hakuwa na majibu mengi kama zamani. Alikuwa na maswali: dawa ile yatoka wapi, na kwa nini wengine wapona, wengine wafa?

Mjomba alirudi nyumbani mwezi uliofuata.

Jioni moja baada ya rozari, baba alimwita binti yake. Hakumwomba msamaha, si desturi ya baba zetu, nasi hatutamsingizia. Alisema tu: «Lile swali lako la klorini. Nimekutafutia.» Akafungua kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, akawasomea jinsi mtu mwenye busara anavyotakiwa amwombe Mungu katika ugonjwa wake na tena ampe daktari nafasi, kwa maana daktari naye ameumbwa na Bwana, na dawa zimetoka katika ardhi kwa amri yake.

Binti alisikiliza mpaka mwisho. Akafikiri kidogo.

«Basi, Baba,» akasema, «na Toma, alipovigusa vidonda vya Yezu, alinawa mikono kwanza?»

Kaka yake akacheka, na mama akacheka. Baba akaanza kukunja uso, kisha akasita.

«Sijui kama alivigusa,» akasema. «Injili yasema aliambiwa aguse. Kama aligusa, sikumbuki.»

Akaivuta taa karibu, akaanza kufunua kurasa.